Kifaa cha ubongo, kifaa cha uraibu: ruzuku ipi ikufae?

Mtu aliyeshikwa na arosto ya heroini, yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea, hakai kitako. Jasho linamtoka huku anatetemeka kwa baridi, tumbo linamsokota, miguu haitulii, usingizi haumjii. Novemba 2017 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, iliruhusu kifaa kidogo kinachobandikwa nyuma ya sikio kitumike katika siku hizo. Kinaitwa NSS-2 Bridge. Kinapitisha umeme hafifu kwenye neva za eneo hilo kwa siku zisizozidi 5, kisha kinatupwa. Kati ya wagonjwa 73 ambao taarifa zao zililetwa FDA, kila mmoja alipungukiwa na dalili kwa asilimia 31 au zaidi ndani ya nusu saa, na baada ya siku 5 wagonjwa 64 walikuwa wameweza kuingia kwenye tiba ya dawa.

Sasa kiweke kando ya kile cha kusisimua kina cha ubongo. Daktari anatoboa fuvu, anapitisha elektrodi nyembamba hadi katikati ya ubongo, waya unatambaa chini ya ngozi ya shingo mpaka kwenye betri iliyozikwa kifuani. FDA ilikikubali kwa ugonjwa wa kutetemeka mwaka 1997, na kwa Parkinson mwaka 2002.

Vyote viwili ni vifaa tiba vya mfumo wa neva, lakini pesa za kuvitengeneza hazitoki mfuko mmoja wala hazifuati njia moja. Nimeona watu wenye wazo zuri kabisa wakipoteza miaka miwili kwa kubisha mlango usiokuwa wao. Wengi huanza kwa kuuliza wafadhili wanatoa kiasi gani. Mimi naomba uanze na maswali mawili: kifaa chako kinakaa wapi mwilini, na ni swali gani ambalo bado hujalijibu? Ukishayajibu hayo kwa ukweli, milango karibu yote inajichuja yenyewe.

Nitalinganisha zaidi milango ya Marekani, maana NIH, yaani taasisi za taifa za afya za nchi hiyo, ndiyo mfadhili mkubwa kuliko wote wa umma katika utafiti wa tiba duniani, na ndani yake mna taasisi mahususi za magonjwa ya neva (NINDS), afya ya akili (NIMH), pombe (NIAAA) na dawa za kulevya (NIDA).

Ndani ya fuvu au juu ya ngozi

Sheria za FDA zinavigawa vifaa vya majaribio kwa kiwango cha hatari. Kipandikizi kinachoweza kumletea mtu madhara makubwa kinahesabiwa kuwa cha hatari kubwa, na hakiingii kwa mgonjwa hata mmoja kabla FDA haijatoa kibali cha majaribio kiitwacho IDE. Kifaa cha juu ya ngozi mara nyingi kinaweza kuhesabiwa kuwa si cha hatari kubwa. Hicho kinaweza kuanza kujaribiwa kwa watu kwa idhini ya kamati ya maadili tu.

Tofauti hiyo ndiyo inayopanga bajeti. Mwenye kipandikizi atatumia miaka na mamilioni kabla ya mgonjwa wa kwanza: vipimo vya usalama wa vitu kilichotengenezwa navyo, majaribio ya wanyama, uhakiki wa programu, uzalishaji wenye kumbukumbu za kila hatua. Mwenye kifaa cha juu ya ngozi anafika kwa mgonjwa mapema, lakini swali lake gumu linamngoja huko huko: je, nafuu hii inatoka kwenye umeme wangu au kwenye matumaini ya mgonjwa? Huyo anahitaji kifaa bandia cha kulinganishia na watu wengi. Kifaa cha sumaku cha kampuni ya BrainsWay, ambacho FDA ilikiruhusu Agosti 2020 kiwasaidie watu kuacha sigara, kilijaribiwa kwa watu 262. Waliopata sumaku ya kweli, asilimia 19.4 waliacha mfululizo hadi wiki ya 18. Waliopata ya bandia, asilimia 8.7. Kwenye jaribio dogo la watu kumi na kitu pengo kama hilo usingeliona.

Kwa hiyo kipandikizi kinataka pesa ndefu mwanzoni, na kifaa cha juu ya ngozi kinataka pesa ya haraka mwanzoni kisha pesa nene katikati.

Mlango wa kampuni ndogo: SBIR na STTR

Mwaka 1982 Bunge la Marekani lilizilazimisha idara kubwa za serikali zitenge sehemu ya bajeti zao za utafiti wa nje kwa ajili ya kampuni ndogo. Sehemu hiyo imefika asilimia 3.2 kwa SBIR, na asilimia 0.45 kwa ndugu yake mdogo STTR, aliyezaliwa mwaka 1992. NIDA na NINDS zote mbili hutoa ruzuku hizi.

Masharti hayana kona. Kampuni iwe ya faida, isizidi wafanyakazi 500, zaidi ya nusu ya umiliki iwe mikononi mwa raia au wakazi wa kudumu wa Marekani, na kazi ifanyike huko. Kwa SBIR, mtafiti mkuu awe mwajiriwa wa kampuni kwanza kabisa. Hapa ndipo maprofesa wengi hukwama, kwa sababu hawataki kuacha chuo. STTR imewafikiria: mtafiti mkuu anaweza kubaki chuoni, mradi kampuni ifanye angalau asilimia 40 ya kazi na chuo angalau asilimia 30.

Pesa huja kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza, kwa kawaida miezi 6 hadi mwaka, ni kama dola 300,000, ya kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Awamu ya pili ni kama dola milioni 2 kwa takriban miaka miwili, na NIH ina mada kadhaa ambazo inaruhusiwa kuvuka viwango hivyo. Mfadhili hachukui hisa. Kampuni inaruhusiwa hata kuongeza ada ya hadi asilimia 7 juu ya gharama kama faida yake, jambo ambalo waombaji wapya hulisahau kwenye bajeti, na ile pesa ndogo ya kulipia mambo ambayo ruzuku hailipii wanaikosa.

Uzuri wa mlango huu ni uhuru. Ukishapewa awamu ya kwanza, unafanya kazi yako, unaandika taarifa, hakuna anayekusimamia kila mwezi. Ubaya wake ni pengo. Awamu ya kwanza inapoisha, unaandika andiko jipya, linakwenda kwa jopo la wahakiki, linasubiri baraza la taasisi, na miezi inapita bila mshahara. Mhandisi wako hodari hawezi kungoja miezi tisa. NIH ina njia mbili za kupunguza maumivu hayo: kuomba awamu zote mbili kwa andiko moja, au kuruka moja kwa moja hadi awamu ya pili ya SBIR ikiwa ushahidi wa awali unao tayari. Kwa mtu ambaye kifaa chake kimeshajaribiwa kwa watu wachache chuoni, njia ya pili naipendekeza bila kusita.

Liko jambo kubwa zaidi. Programu hizi huishi kwa idhini ya Bunge yenye tarehe ya mwisho, na idhini hiyo iliisha 30 Septemba 2025, maombi mapya yakasimama. Kabla hujaandika hata mstari mmoja, angalia kama dirisha liko wazi. Likiwa wazi, tarehe za kawaida za NIH ni 5 Januari, 5 Aprili na 5 Septemba, na usajili wa kampuni kwenye mifumo ya serikali unakula wiki sita hadi nane usipokuwa na bahati mbaya. Anza na usajili.

Mlango wa hatua kwa hatua: UG3/UH3 na Blueprint MedTech

Herufi hizi zinatisha, lakini maana yake ni nyepesi. UG3 ni hatua ya kwanza: kumaliza kazi yote ya maabara, wanyama na uzalishaji mpaka kifaa kiwe tayari kwa mtu. UH3 ni hatua ya pili: jaribio dogo la kwanza kwa wagonjwa. Unaomba mara moja kwa hatua zote mbili. Lakini kuvuka kutoka ya kwanza kwenda ya pili si haki yako. NIH inakaa, inapima kama umefikia shabaha mlizokubaliana, na ikiona hujafika inaweza kusimamisha.

Herufi U pia inasema jambo lingine. Hii ni ruzuku ya ushirikiano, na wafanyakazi wa NIH wanashiriki katika kazi: wanahudhuria mikutano, wanahoji shabaha, wanaweza kukushauri ubadilishe njia. Wapo wanaoliona hilo kuwa mzigo. Mimi nadhani kwa kipandikizi ni neema, kwa sababu watu hao wameona vipandikizi vingi vikifa na wanajua vinafia wapi.

Blueprint MedTech ndiyo programu iliyojengwa juu ya wazo hili. Inatoka kwenye umoja wa taasisi za NIH za sayansi ya neva ulioanza mwaka 2004, ambao NIDA, NIMH na NIAAA nazo ni wanachama. Ina ngazi mbili. Ngazi ya chini ni ya kulea mawazo machanga, na kazi hiyo imekabidhiwa vituo maalumu. Kimojawapo ni NeuroTech Harbor cha chuo kikuu cha Johns Hopkins kwa kushirikiana na Howard. Ngazi ya juu ni hiyo ya UG3/UH3, pamoja na namna yake kwa kampuni ndogo. NIDA nayo imewahi kutangaza UG3/UH3 kwa ajili ya vifaa vya kutibu uraibu peke yake, kwa hiyo mwenye kifaa cha arosto asidhani mlango huu ni wa wapasuaji wa ubongo tu.

Kinachoitofautisha Blueprint na ruzuku nyingine ni kwamba pamoja na pesa unapewa watu. Mshauri wa masuala ya FDA, mshauri wa hataza, mtu anayejua kampuni za bima huamua vipi kulipa, mtu wa uzalishaji. Timu ya chuo kikuu kwa kawaida haina hata mmoja kati ya hao, wala haijui bei yao. Kama kifaa chako bado kiko kwenye meza ya maabara na kampuni hujaandikisha, ngazi ya kulea ndiyo ya kutazama kwanza.

Sasa tulia hapa kwenye shabaha, maana ndipo maandiko mengi huanguka. Mtu anaandika: "Katika mwaka wa kwanza tutaboresha kifaa na kupima uimara wake." Hiyo siyo shabaha, hakuna anayeweza kusema umefika au hujafika. Iandike hivi: "Kufikia mwezi wa 14, vipandikizi 10 vitakuwa vimezamishwa kwenye maji ya chumvi yenye nyuzi joto 57 kwa siku 90, na hakuna hata kimoja kitakachovujisha umeme kupita kiwango tulichoweka." Mhakiki akisoma hivyo anajua unachokifanya. Anajua kwamba kwa kanuni ya kuzeesha vifaa, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukadiriwa kuzidisha kasi ya kuchakaa mara mbili, kwa hiyo nyuzi 20 juu ya joto la mwili ni mara nne, na siku 90 zinasimama badala ya karibu mwaka mzima mwilini. Anajua pia kwamba kimoja kikivuja, wewe mwenyewe utajua umefeli. Sentensi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa tatu za umuhimu wa ugonjwa.

Ukiviweka viwili hivi bega kwa bega

SBIR inauliza: je, hii itakuwa biashara? UG3/UH3 inauliza: je, hii itafika kwa mgonjwa wa kwanza kwa usalama? Tofauti hiyo inaonekana mpaka kwenye kurasa. Awamu ya kwanza ya SBIR ina kurasa 6 za mpango wa utafiti. Mhakiki anataka kuona jaribio moja lililo wazi. Awamu ya pili ina kurasa 12 na juu yake mpango wa biashara. UG3/UH3 inataka jedwali la shabaha, mpango wa FDA, na ushahidi wa awali uliokomaa.

Kwa kifaa cha juu ya ngozi cha arosto, hamu ya unga au pombe, naegemea SBIR ya NIDA. Kampuni ndogo inaweza kusonga haraka, mgonjwa wa kwanza hayuko mbali, na dola 300,000 zinaweza kujibu swali halisi, kwa mfano kama mtu mwenye arosto atakubali kukaa na kifaa sikioni usiku kucha bila kukibandua. Hilo ni swali zito kuliko linavyosikika. Mtu ambaye ngozi yake inamwasha na mikono haitulii hakivumilii kitu kinachombana.

Kwa kipandikizi, dola 300,000 hazifiki popote. Zitaisha kwenye vipimo vya usalama wa vitu kabla hujagusa mnyama wa kwanza. Anayejaribu kujenga kipandikizi cha kifafa au cha uraibu kwa vipande vya SBIR peke yake atajikuta anaunganisha viraka kwa miaka, na kila kiraka kina pengo lake. Huyo aende UG3/UH3, na SBIR aitumie kwa sehemu inayosimama yenyewe: betri, elektrodi, programu ya kusoma mawimbi ya ubongo.

Haki za uvumbuzi hazitofautiani sana. Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 inamwachia mvumbuzi, awe chuo au kampuni ndogo, umiliki wa alichovumbua kwa pesa ya umma, na serikali inabaki na ruhusa ya kukitumia kwa mahitaji yake. Lakini lazima uvumbuzi utangazwe kwa mfadhili kwa wakati, ndani ya miezi miwili tangu mvumbuzi aueleze kwa maandishi kwa taasisi yake. Ukizembea unaweza kuupoteza. Teua mtu mmoja mwenye kazi hiyo.

Pesa zinazopitia jeshini

Watu husikia "wizara ya ulinzi" wakarudi nyuma. Wasirudi haraka. CDMRP ni mkusanyiko wa programu za utafiti wa tiba ambazo Bunge la Marekani huzitengea pesa kila mwaka kwa kutaja ugonjwa, na jeshi ndilo linaloziendesha kutoka Fort Detrick, Maryland. Zilianza mwaka 1992 kwa msukumo wa wanawake wenye saratani ya matiti. Zimewahi kuwa na mafungu ya Parkinson, kifafa, majeraha ya ubongo, pamoja na pombe na matumizi ya dawa za kulevya.

Jambo ninalolipenda kwa dhati katika programu hizi ni nani anakaa kwenye jopo. Pamoja na wanasayansi wanaketi watu wenye ugonjwa wenyewe, au wanaowauguza, na kura yao ina uzito sawa na ya profesa. Ukiandika kwamba kifaa chako kinahitaji mgonjwa akichaji kila baada ya saa nne, mwanasayansi anaweza kupita juu ya sentensi hiyo. Mama anayemwuguza kijana mwenye kifafa hatapita. Atauliza nani ataamka saa nane usiku.

Udhaifu wa mlango huu ni kwamba unategemea bajeti ya mwaka. Mwaka 2025 pesa za CDMRP zilishuka kutoka kama dola bilioni 1.5 hadi milioni 650, na programu kadhaa zikakosa fungu kabisa. Usiweke mshahara wa timu nzima juu ya mlango mmoja wa namna hii.

Upepo huo haukuvuma huko tu. Mpango wa BRAIN, uliotangazwa na Rais Obama Aprili 2013 na ambao umelipia vifaa vingi vya kusoma na kusisimua ubongo, ulikuwa na dola milioni 680 mwaka wa fedha 2023. Mwaka 2024 zikawa 402, mwaka 2025 zikawa 321. Mashindano yamekuwa makali zaidi kila mahali, na anayeomba leo ajue hivyo kabla ya kupanga ratiba.

DARPA, wakala wa wizara ya ulinzi ya Marekani wa utafiti wa teknolojia mpya, ni habari nyingine. Huko unaingia mkataba wenye matokeo yanayodaiwa, chini ya msimamizi wa programu mwenye maono yake na miaka michache tu ya kuyatimiza. Programu yake ya SUBNETS, iliyoanza mwaka 2013, ilisukuma vipandikizi vya magonjwa ya akili vinavyosoma ubongo na kuujibu hapo hapo. Kama programu inayofanana na kifaa chako imetangazwa, omba. Kama haijatangazwa, hakuna cha kuomba.

Milango midogo, na ule wa Ulaya

Mifuko ya wagonjwa hutoa pesa ndogo kuliko NIH lakini huuliza maswali yaliyo karibu na maisha. Ule wa Michael J. Fox, ulioanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya Parkinson, unazipokea pia kampuni za biashara. Kwa uraibu mifuko ya namna hiyo ni michache mno, na hilo linaniuma, kwa sababu aibu inayowafunika wenye uraibu na familia zao inawanyima hata wachangiaji.

NIDA imewahi kuendesha shindano la mawazo ya kampuni changa za uraibu lenye zawadi ya dola 10,000 kwa mshindi. Kiasi hicho hakitengenezi kifaa. Kinamlipa mtu mwezi wa kwenda kliniki na kuzungumza na wagonjwa 30 kabla ya kuchora chochote, na kwa anayeanza huo ni mwezi wa thamani kubwa.

Ulaya, mlango mpana kwa kampuni ni EIC Accelerator, mpango wa Baraza la Ubunifu la Ulaya: ruzuku isiyozidi yuro milioni 2.5, inayolipia hadi asilimia 70 ya gharama, na juu yake uwekezaji unaochukua hisa. Tofauti na SBIR ni mbili. Asilimia 30 unaitafuta wewe, na hatua ya mwisho unasimama mbele ya jopo na kuhojiwa ana kwa ana. Kifaa kiwe kimekomaa. Wazo la mezani haliendi huko.

Nani atalipa ruzuku ikiisha

Nina kisa kimoja ninachomweleza kila anayeniuliza kuhusu vifaa vya uraibu. Programu ya simu iitwayo reSET ilijengwa juu ya tiba iliyokuwa imejaribiwa kwa watu 507 katika mtandao wa majaribio unaofadhiliwa na NIDA. Septemba 2017 FDA iliiruhusu, ikiwa ya kwanza ya aina yake kuandikwa na daktari kwa ajili ya kutibu uraibu wa dawa za kulevya. Katika takwimu zilizopimwa na FDA, waliojizuia walikuwa asilimia 40.3 kwa walioitumia, na 17.6 kwa wasioitumia. Ruzuku ilikuwepo, ushahidi ulikuwepo, kibali kilikuwepo. Lakini bima nyingi hazikuwa tayari kulipia, na Aprili 2023 kampuni iliyokuwa ikiiuza, Pear Therapeutics, iliomba kinga ya kufilisika.

Ndiyo maana nalinganisha milango hii pia kwa swali hili: upi unakulazimisha kufikiria mlipaji mapema? SBIR inauliza kwenye awamu ya pili, nami naona inachelewa. Blueprint inakupa mshauri wa bima tangu mwanzo. NIH kwa ruzuku zake za kawaida za utafiti haiulizi kwa uzito wowote.

Kwa kipandikizi swali linazama zaidi. Zaidi ya watu 350 duniani waliwekewa jicho la bandia la Argus II, na kampuni iliyolitengeneza ilipoyumba walibaki na kifaa kichwani ambacho hakuna wa kukitengeneza. Betri ya kifuani isiyochajika huisha baada ya miaka michache. Ruzuku ya miaka 5 inalipia upasuaji wa kuiweka. Upasuaji wa kuibadilisha unaangukia wakati ruzuku imekwisha. Mfadhili asipokuuliza juu ya hilo, liandike mwenyewe: nani atabadilisha betri, nani ataondoa waya mgonjwa akitaka uondolewe, kwa pesa ya nani. Binafsi nisingeomba saini ya mgonjwa bila kuwa na jibu.

Kwa hiyo uanzie wapi

Huna kampuni, una mfano wa kwanza na data kidogo: ngazi ya kulea ya Blueprint, au fungu la CDMRP la ugonjwa wako likiwa limetengewa pesa mwaka huo. Una kampuni ya watu watatu na kifaa cha juu ya ngozi: SBIR ya NIDA au NINDS, na STTR kama ubongo wa mradi bado yuko chuoni. Una kipandikizi chenye data ya wanyama: UG3/UH3, wala usipoteze muda kwingine. Kifaa kiko sokoni kwa ugonjwa mmoja na unataka kukipeleka kwenye uraibu: awamu ya pili ya SBIR moja kwa moja, au UG3/UH3 yenye UG3 fupi, maana nusu ya kazi umeshaifanya. Huna sifa ya kuwa kampuni ya Marekani: shirikiana na chuo chenye sifa, na soma kila tangazo kwa makini kuona linasemaje kuhusu washirika wa nje, kwa sababu kanuni hizo zimekuwa zikibadilika.

Vyovyote utakavyochagua, kuna mambo mawili ya bure ya kufanya kabla. La kwanza, omba mashauriano ya awali na FDA. Hayalipiwi, na majibu ya maandishi hulengwa kutoka katika siku kama 70. Ukiambatisha majibu hayo kwenye andiko, jopo halitabishana nawe kuhusu kiwango cha hatari cha kifaa chako. La pili, mwandikie afisa wa programu wa taasisi husika. Jina lake liko chini ya tangazo. Mtumie ukurasa mmoja tu, ule wa malengo mahususi: ugonjwa na pengo la tiba kwa mistari minne, kifaa kwa mistari minne, malengo mawili au matatu, na chini ya kila lengo namba moja itakayoonyesha kama umefaulu. Muulize swali moja: "Je, hili linaingia kwenye tangazo hili, au nilipeleke kwingine?" Mtumie mapema, angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya mwisho, ili akikuambia uende kwingine uwe bado na muda wa kwenda. Kimya kikipita wiki mbili, mwandikie tena kwa upole na uombe simu ya dakika 20.